UZI: Laibach, bendi ya mji wa makaa ya mawe Slovenia. Ni marufuku iliyowapaisha, au kuna kingine?

MzeeWaKanda (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilifungua sanduku la marehemu kaka yangu. Alisoma uhandisi Ljubljana, enzi za Yugoslavia, akarudi nyumbani Tanga mwaka 1988. Chini kabisa, ndani ya soksi ya sufu, nikakuta kaseti moja ya dakika 90. Haina jina. Juu yake amechora msalaba mweusi kwa kalamu ya wino, mikono yote minne urefu sawa. Nikiwa mtoto niliwahi kumuuliza ile ni kwaya ya kanisa gani, akacheka mpaka akakohoa.

Ni Laibach. Kundi lilianzishwa tarehe 1 Juni 1980 Trbovlje, mji wa migodi. Septemba mwaka huohuo walibandika mabango ya onyesho lao la kwanza, na onyesho likapigwa marufuku kabla mlango haujafunguliwa. Jina lenyewe lilikuwa kidonda: Laibach ndivyo Wajerumani walivyoiita Ljubljana, na watu wazima walikuwa bado wanakumbuka Wanazi walivyolitumia walipoukalia mji. Juni 1983 wakahojiwa kwenye televisheni, wamevaa sare, wamekaa wima kama sanamu, wanasoma majibu kama tamko la serikali. Mtangazaji akamaliza kwa kuwasihi watazamaji wawazuie watu hawa. Baada ya hapo wakakatazwa kulitumia jina hilo mpaka 1987.

Kaka alikuwa na msemo wake: serikali ndiyo iliyowapigia debe. Na mimi nasimama hapo. Bila ile marufuku, Laibach wangebaki vijana wa mji mdogo wenye kelele zao. Naomba wenye kujua zaidi waje.

---

Kibarazani

Naweka kambi. Uzi wa aina hii hauji kila siku.

---

Chuma_Dodoma

Mkuu, Slovenia si ndiyo ile mji mkuu wake Bratislava? Na hawa Laibach nawafahamu, ndio walioimba ule wimbo wa "Live Is Life", unapigwa sana viwanjani.

---

DadaWaGraz

@Chuma_Dodoma hapana, ndugu yangu. Bratislava iko Slovakia. Slovenia ni jirani yangu huku, mji mkuu ni Ljubljana, watu kama milioni 2 tu nchi nzima.

Na ule wimbo si wa Laibach. Ni wa Opus, bendi ya hapahapa Austria, na Graz wanaihesabu kuwa yao. Laibach waliuchukua wakaufanya upya mwaka 1987, mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani. Mwenye nyumba wangu ni mzee wa hapa, ukimtajia toleo la Laibach anakunja uso. Anasema wimbo wake wa ujana ulivalishwa buti.

Kwa mleta uzi: pole kwa kaka. Treni ya kwenda Ljubljana inafuata mto Sava, na Trbovlje ina kituo chake pale mtoni. Mji wenyewe hauuoni, umejificha kwenye bonde jembamba linalopanda kaskazini. Unachokiona ni bomba la moshi la mtambo wa umeme. Lina mita 360, lilikamilika 1976, refu kuliko mabomba yote ya moshi Ulaya. Walilirefusha hivyo kwa sababu bonde ni finyu, moshi ulikuwa unawakalia watu vichwani. Mara ya kwanza nilidhani ni mnara wa simu.

---

FundiSpika

Mleta uzi, nakuheshimu, ila kwa hili siungi mkono. Nimefunga spika kwenye kumbi miaka 22, na nyimbo zilizofungiwa nimezipiga nyingi. Marufuku inampa mwanamuziki wiki tatu. Watu wanausaka wimbo, wanarushiana kwenye simu, mwezi ukiisha wamehamia kwingine. Laibach wana miaka zaidi ya 40 kazini.

Kilichowabeba ni akili ya kuchukua wimbo ambao kila mtu anao mdomoni na kuugeuza. Sikilizeni "Live Is Life" ya Opus, halafu toleo la Laibach. Maneno karibu yaleyale. Kule Opus umati unaitikia kwa furaha, kama watu waliotoka kushinda mechi. Kwa Laibach ngoma ya chini inagonga kama vishindo vya gwaride, tarumbeta zinaingia, halafu sauti ya Milan Fras, mwimbaji wao, inatokea tumboni, pole pole, kama jiwe linaburutwa. Ghafla unayasikia maneno ambayo ulikuwa unayaimba bila kuyafikiria, unashtuka kwamba tangu mwanzo yalikuwa yanahusu umati, nguvu, na kuwa kitu kimoja. Hawakuongeza kitu cha kutisha. Kilikuwemo.

Wimbo wa Queen, "One Vision", nao wakaufanya kwa Kijerumani, wakauita "Geburt einer Nation". Dira moja, mwili mmoja, yaliimbwa viwanjani na Waingereza na hakuna aliyeona tatizo. Yatamke kwa Kijerumani, kwa sauti ile, uone nywele zinavyosimama.

Na zote mbili zimo kwenye albamu ya Opus Dei, 1987, iliyotolewa London na Mute, kampuni ya rekodi iliyokuwa na bendi ya Depeche Mode. Lebo ya London ndiyo iliyowavusha. Marufuku ya Ljubljana, nani London aliijua?

---

MzeeWaKanda

@FundiSpika asante, hiyo ya tumboni imenipata. Lakini jiulize lebo ya London iliwasikiaje. Walifukuzwa nyumbani ndipo wakatoka. 1983 hiyohiyo walizunguka Ulaya, Mashariki na Magharibi, na ziara wakaiita ya Ulaya iliyokaliwa. Mtu mwenye ukumbi kwao angehangaika hivyo?

---

Nairobi_Reli

Wazee, mnasahau tarehe. Angalieni kalenda. Tito, rais wa Yugoslavia, alifariki 4 Mei 1980, hospitalini Ljubljana. Laibach wakaanza 1 Juni 1980. Hata mwezi haujaisha! Nchi nzima iko matangani, hakuna ajuaye nani atashika usukani, na hawa wanatokea na sare na misalaba.

Na hiyo 1 Juni haikuokotwa barabarani. Tarehe hiyo mwaka 1924, hapohapo Trbovlje, wachimbaji walipambana na wazalendo wenye silaha wa Orjuna, watu wakafa. Kwa hiyo mimi nasema ni wakati. Wangeanza 1965 wangefungwa na kusahauliwa. Wangeanza 1995 wangekuwa bendi tu ya kawaida yenye mavazi.

---

Mwana_Lubumbashi

Bandugu, jambo.

Mimi nawasikiliza na naona mmeacha kitu kikubwa. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi. Nimekulia mahali ambapo unaona bomba la moshi la kiyeyusho na mlima mweusi wa mabaki ya shaba kila asubuhi. Baba alikuwa kiwandani. King'ora cha zamu ndicho kilikuwa saa yetu: kikilia, mama anaweka sufuria motoni. Hata wakati wa likizo tuliamka saa ileile.

Niliposikia Laibach mara ya kwanza, nyimbo za zamani zile, kabla ya London, sikusikia siasa. Nilisikia kiwanda. Chuma kinagonga chuma, pigo moja halibadiliki, mtu anapiga kelele juu yake kama msimamizi wa zamu. Trbovlje palikuwa na mgodi, saruji, umeme, vyote ndani ya bonde moja. Hawa vijana walipiga walichokisikia tangu tumboni. Msalaba wao wa zamani umezungushiwa gurudumu la meno, angalieni. Gurudumu la mashine!

---

FundiSpika

@Mwana_Lubumbashi nimependa sana, lakini nikujibu kwa mfano wa kwenu. Mgodi wa Katanga ulimpa dunia Jean-Bosco Mwenda. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 Jadotville, Likasi ya leo, anaimba Kiswahili na gitaa tulivu kama maji ya mtungini. Shaba ileile, king'ora kilekile. Kama mgodi ndio unaotengeneza sauti, mbona wimbo wake "Masanga" hauna hata nyundo moja ndani yake?

---

Mwana_Lubumbashi

Kaka, Mwenda alipiga ili watu wapumzike na king'ora. Laibach walikigeuza king'ora kikawa wimbo. Wote wawili wanamjibu mtu mmoja.

---

Kibarazani

Hapo FundiSpika chukua glasi ya maji kwanza.

---

Mwalimu_Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Niongeze na nirekebishe kidogo.

Mleta uzi ameandika kana kwamba marufuku ilikuwa ya nchi nzima. Ilikuwa ya mamlaka za Ljubljana, nje ya hapo waliendelea kupiga. Na hata ndani ya Ljubljana, Desemba 1984 walifanya onyesho bila kutaja jina, kwenye bango kuna msalaba mweusi peke yake. Aliyejua alijua. Albamu yao ya kwanza ya nyumbani, 1985, jina halikuandikwa kwenye jalada. Nadhani ndiyo maana kaseti ya marehemu haina jina, Mungu amrehemu.

Sasa kisa cha bango la 1987. Yugoslavia walikuwa na Siku ya Vijana kila 25 Mei, sikukuu ya kuzaliwa kwa Tito. Vijana walikimbiza kijiti jamhuri zote, mkono kwa mkono, mpaka Belgrade uwanjani. Sisi tuliokimbiza Mwenge wa Uhuru tunaielewa picha hiyo bila kufafanuliwa. Nami niliushika Mwenge Korogwe nikiwa kijana, nikatetemeka kwa fahari, sifichi. Tito mwenyewe alifika Tanzania mwaka 1970, tulijipanga barabarani.

Basi, zamu ya kutengeneza bango la mwaka huo ilikuwa ya Waslovenia. Waliopewa kazi ni kundi la wachoraji ndugu wa Laibach, Novi kolektivizem, chini ya mwavuli ulioitwa NSK ulioanzishwa 1984. Wakaleta bango la kijana mwenye misuli, bendera na njiwa. Kamati ikalisifu, likapita. Baadaye ikagundulika ni mchoro wa Wanazi wa 1936, wa mchoraji Richard Klein, wamebadilisha alama tu. Nchi ikachafuka. Kesi ilizungumzwa, haikufika popote, na mwaka huo ndio kijiti kilikimbizwa mara ya mwisho.

Kwa hiyo mimi naona nguvu yao haikuwa kwenye muziki peke yake. Walikuwa na wachoraji, watu wa tamthilia, kila idara. Walijipanga kama dola. Bendi nyingine zina gitaa na njaa.

---

Zuwena_Hamburg

Samahani, naomba niulize ambacho wengi mnakizunguka. Hawa ni mafashisti au si mafashisti? Mimi ni mwanamke mweusi, naishi Ujerumani, na nilipelekwa kwenye onyesho lao na wenzangu wa kazini. Taa zikazimika, ngoma zikaanza, nikajikuta natafuta mlango wa kutokea uko wapi. Pembeni yangu kuna mtu ananyoosha mkono kwa mzaha. Sikuona mzaha.

---

Nairobi_Reli

Dada, pole. Mwanafalsafa wa Slovenia, Slavoj Žižek, aliandika makala juu ya swali hilohilo. Hoja yake, nikiifupisha: ukiikejeli dola, dola inacheka na wewe, maana hata wenyewe hawaamini wanachosema. Laibach waliichukua dola kwa uzito kuliko inavyojichukua yenyewe. Waliivaa nzima nzima, bila kukonyeza jicho, na hapo ndipo ilipoonekana ilivyo.

---

Zuwena_Hamburg

Nimeisoma hoja hiyo na ninaiheshimu. Lakini makala haikusimama pale ukumbini pembeni yangu. Msanii asiyekonyeza jicho anamwachia kila mtu achukue anachotaka, na wapo wanaochukua kilekile kibaya. Nasema hivi huku nikikiri kwamba wimbo wa tatu ulinitoa machozi na hadi leo sijui kwa nini.

---

Mwalimu_Mstaafu

Mwanangu, umesema kweli na usiondolewe kwenye neno lako. Nami niongeze: mwimbaji wao wa mwanzo, Tomaž Hostnik, alipigwa na chupa usoni akiwa jukwaani Ljubljana 1982, akaendelea kusimama wima damu inashuka. Desemba mwaka huo akafariki kwa mkono wake mwenyewe. Si jambo la mavazi tu.

---

Msafiri_Doha

Mwalimu kataja NSK, nami nina kisa. 1992 walitangaza NSK kuwa dola isiyo na ardhi, ipo kwenye wakati, na wakatoa pasipoti. Pasipoti kweli, jalada gumu, picha, mihuri. Novemba 1995 walipiga Sarajevo siku zilezile ambapo makubaliano ya Dayton ya kumaliza vita vya Bosnia yanafikiwa, wakazigawa kule.

Sasa, miaka ya 2000 maombi yakaanza kumiminika kutoka Nigeria. Watu walidhani ni njia ya kuingia Ulaya. Wenyewe ikabidi watangaze kwamba hiki si kitambulisho cha kusafiria, na 2010 wasanii wa Irwin, wenzao wa NSK, wakaenda hadi Lagos kuongea na wenye nazo. Nilifanya kazi na Mnigeria mmoja hapa, alikuwa nayo. Alinionyesha usiku kwenye chumba cha kambi, ameifunga kwenye nailoni. Nilimwambia ni kazi ya sanaa ya bendi ya muziki. Alinyamaza muda mrefu, akaifunga tena kwenye nailoni, akairudisha begini.

Tangu siku hiyo siwezi kuisikiliza Laibach bila kumkumbuka. Kwao ilikuwa wazo, kwake ilikuwa ada na matumaini.

---

Chuma_Dodoma

Daah. Hii imeniumiza.

---

Binti_Bagamoyo

Jamani nimechelewa. Mimi Slovenia nimeijua kwa Joker Out, wale vijana wa Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, 2023 Liverpool. Walimaliza nafasi ya 21 lakini wakaondoka na mashabiki Ulaya nzima, na wimbo wao "Carpe Diem" jina tu ndilo Kilatini, uliobaki ni Kislovenia. Sasa mbona Laibach walikimbilia Kijerumani na Kiingereza? Hapo mimi nawapa Joker Out.

---

FundiSpika

@Binti_Bagamoyo swali zuri, ila Laibach walianza kwa Kislovenia, "Država" yaani Dola ni ya Kislovenia. Kijerumani kwao kilikuwa silaha, si njia ya kutafuta soko. Mslovenia kuimba Kijerumani mwaka 1987 ni kama kumfungulia bibi yako mlango akamwona mkoloni.

Na kama tunazungumzia kupanda nyumbani kwa lugha ya nyumbani, usiwasahau Siddharta, bendi nyingine ya Slovenia. 2003 waliujaza uwanja wa Bežigrad, Ljubljana, pamoja na okestra nzima.

---

Kibarazani

Uzi umeshapanda treni ya pili. Kuna yeyote ataje Rammstein, ile bendi ya Wajerumani, ili tumalize siku?

---

Chuma_Dodoma

Nilikuwa nakuja huko! Rammstein si ndio waanzilishi wa mtindo huu?

---

DadaWaGraz

Rammstein wameanza 1994 Berlin, Chuma. Laibach walikuwa na miaka 14 kazini. Na hawakugombana, mwaka 2004 Laibach waliutengeneza upya wimbo wa Rammstein "Ohne dich", usikilize usiku.

---

Nairobi_Reli

Na ndio bendi ya kwanza ya Magharibi kupiga Korea Kaskazini, Agosti 2015 Pyongyang. Hilo peke yake linatosha kuwaandika kwenye historia.

---

Mwalimu_Mstaafu

Taratibu. Okestra ya New York ilipiga Pyongyang Februari 2008. Sema bendi ya mtindo wao, hapo tutakubaliana. Na waliimba nyimbo za filamu ya *The Sound of Music*, maana kule zinajulikana.

Halafu angalieni: bendi iliyozuiwa na serikali ya kijamaa mwaka 1983 inaalikwa na serikali ya kijamaa 2015. Mleta uzi, hiyo inaisaidia hoja yako au inaivunja?

---

MzeeWaKanda

Mwalimu, shikamoo. Sijui, na naomba nisijibu haraka. Nilikuja na sababu moja, sasa ninazo sita na kila moja ina mwenye kuitetea vizuri. Bado naona marufuku iko ndani yake. Lakini king'ora cha Lubumbashi hakitoki kichwani.

Nina ombi. Nimeigeuza kaseti leo, upande wa pili kuna maneno mawili ya penseli, hafifu, mwandiko wa kaka: "Brat moj". Dada wa Graz, ni nini hii?

---

DadaWaGraz

Ni jina la wimbo wao wa zamani, mleta uzi, upo kwenye ile albamu ya 1985 isiyo na jina.

Maana yake "Ndugu yangu". Kwa mpangilio wa maneno ni kama vile sisi tunavyosema, "kaka yangu".

---

MzeeWaKanda

Asante, dada.

Redio kaseti ninayo, ya zamani, ilikuwa yake. Nataka kuisikiliza leo usiku.

---

FundiSpika

Subiri kwanza, mkuu. Usiiweke kavu kavu. Kaseti iliyolala miaka 30 utepe wake unaweza kugandana. Chukua kalamu ya risasi, izungushe yote kwa mkono mbele hadi mwisho, halafu irudishe, taratibu, ukisikia inakaza acha. Kichwa cha redio kifute kwa pamba na spiriti, kikauke. Halafu weka simu yako pembeni irekodi tangu sekunde ya kwanza, maana huenda ikapiga mara moja tu. Ukiwa Dar niletee, nina mashine ya kuihamisha, sitakutoza.

---

MzeeWaKanda

Nimeanza kuizungusha. Inakwenda.